Barua kwa Nafula: njia ya kwenda Faza

Pangani, Nairobi
8 Aprili 2025

Mpendwa dada Nafula,

Salamu nyingi kutoka Nairobi, na natumai zitakukuta wewe na mtoto mkiwa wazima. Habari kwamba umepangiwa kufundisha Faza ilinifurahisha mno, kwa kuwa huko kisiwani Pate ndiko kwa wazee wa mama yangu, na kwa kuwa najua jinsi watoto wa kule wanavyongoja walimu ambao hawatakaa wiki mbili kisha wakaanza kuomba uhamisho. Umeniuliza jambo moja tu, yaani kutoka Nairobi hadi Faza ni mwendo wa saa ngapi. Niruhusu nijibu kwa mapana, maana wengi waliokutangulia walipewa jibu fupi, wakafika wamechoka na wamelowa, na kisiwa wakakichukia kabla hawajakijua.

Mtu yeyote hapa mjini atakuambia kwamba ni siku mbili kwa nchi kavu au saa moja na ushei kwa ndege. Yote mawili ni kweli, lakini yote mawili yanaishia Lamu mjini. Faza iko mbele zaidi, kaskazini ya kisiwa cha Pate, na kipande hicho cha mwisho, ambacho kwenye ramani ni kidogo sana, ndicho kinachoamua siku ya kuondoka Nairobi. Kwa hiyo usianze na tiketi ya treni. Anza na maji, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike mlangoni pa nyumba yangu hapa Pangani, ambako ningependa ulale usiku wa kuamkia safari.

Boti za kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kulia na kushoto. Maji yakijaa, boti hupita humo kwa utulivu hata mtoto akalala. Yakipwa, mlango huo huwa haba mno, na nahodha hubaki na mambo mawili: kungoja, au kuzunguka nje ya Manda upande wa bahari kuu. Sasa tunaingia msimu wa kusi, upepo ambao utazidi kupata nguvu kuanzia Juni hadi Agosti, na huko nje mawimbi huja makubwa bila kitu cha kuyavunja. Mnamo Agosti 2017 boti iliyobeba watu wa familia moja ilipinduka katika safari ya kutoka kisiwa cha Pate kwenda Lamu, na wengi wakafa. Sikuambii hayo ili kukutisha. Nakuambia ili mtu akikupa nafasi katika boti ya kupita nje katika siku ya upepo, eti kwa sababu ina haraka, umkatalie bila kuona haya, ungoje maji.

Maji yenyewe hayana siri kwa aliyeyazoea. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku wake, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana, karibu saa 10 za alasiri na saa 10 za alfajiri, kisha hupwa sana karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo, na kujaa kwake huwa karibu saa 4. Ndiyo maana kule mabaharia huhesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa tarehe mosi na tarehe kumi na tano hukupa bamvua bila kulazimika kutazama jedwali lolote. Ukiishika hesabu hii utaweza kujipangia safari zako zote za kwenda na kurudi bila kumtegemea mtu, na watu wataanza kukuona mwenyeji.

Sasa tuirudishe safari nyuma. Shule zinafunguliwa Jumatatu, Aprili 28, na mwezi unaandama usiku wa kuamkia siku hiyo. Ina maana Jumamosi, Aprili 26, maji ya Mkanda yatakuwa yakijaa alasiri, na boti itaondoka Lamu baada ya adhuhuri na kukufikisha Faza kabla ya giza. Ijumaa maji yatajaa mapema kidogo, lakini wakati huo watu wako msikitini, tena utakuwa bado njiani. Jumapili uiache kwa kupumzika, kufungua mizigo na kusalimia majirani. Basi Ijumaa usiku ulale Lamu, Alhamisi usiku ulale Mombasa, na Alhamisi asubuhi, Aprili 24, uwe kituoni Syokimau.

Treni ya Madaraka ninaipendelea kuliko basi la usiku, hasa kwa mtu mwenye mtoto mchanga. Ya asubuhi huondoka saa 2, na hadi Miritini, kituo chake cha Mombasa, ni mwendo wa kama saa 5 na nusu au 6. Daraja la pili nauli yake ni shilingi 1,500 tangu ilipopandishwa Januari 2024. Kata tiketi mapema kwa simu, usingoje, maana Pasaka itakuwa Aprili 20 na wiki hiyo watu wengi watakuwa safarini. Fika kituoni saa nzima kabla ya muda. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, wenyewe wakasogea kando, kisha mbwa wa polisi hupitishwa kuinusa, na baada ya hapo bado kuna mashine ya ukaguzi na foleni ya kuonyesha kitambulisho. Ukifika dakika 20 kabla ya kuondoka, umebeba mtoto na sanduku, utaikosa treni na mpango wote wa maji utavurugika.

Mombasa lala karibu na mjini, si Miritini, kwa sababu mabasi ya Lamu huondoka mapema asubuhi. Njia ni Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, kisha Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, zaidi ya kilomita 300, na nadhani utafika mchana wa kuelekea alasiri. Zamani kutoka Garsen kwenda mbele ilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na mama yangu hulizungumzia tope hilo mpaka leo. Sasa ni lami. Hata hivyo Aprili na Mei ni masika, na Mto Tana ukifurika hauitambui lami: mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara hiyo, abiria wakakwama huku na huku. Jumatano, kabla hujatoka Nairobi, piga simu kwenye ofisi ya basi ya Mombasa uulize hali ya njia. Wakikuambia maji yamepita juu ya barabara, badilisha mpango siku hiyo hiyo na uende kwa ndege.

Jambo jingine la njia hiyo ni ukaguzi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama wa barabara ya Lamu umeangaliwa kwa makini, kuna vizuizi vya polisi, na mara nyingi abiria hushushwa na kupita mmoja mmoja na kitambulisho mkononi. Weka kitambulisho, barua yako ya kupangiwa kazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto katika mfuko mmoja ulio karibu. Usikasirike wala usiwe na wasiwasi. Mtoto akilia, utaona mabuibui yote yaliyo karibu nawe yakinyoosha mikono kumpokea.

Ama ndege, huondoka Wilson na pia Jomo Kenyatta, na hutua kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Unatembea hadi gatini na boti inakuvusha kwa muda mfupi. Ni raha, nami sitakulaumu ukiichagua. Ubaya wake ni nauli, na mizigo: ndege ndogo nyingi zinakuruhusu kilo 15 tu, nawe una vitabu. Ubaya wa tatu hawausemi. Mtu aliyepaa kutoka Nairobi asubuhi hufika Manda akidhani amekwisha fika, akaambiwa angoje maji hadi kesho, na kungoja huko humuuma kuliko aliyekuja kwa nchi kavu akijua hesabu yote. Kwako wewe ndege ni nzuri ikiwa tu utaipanga nayo kwa maji, kwa mfano kutua kabla ya adhuhuri siku ambayo Mkanda unajaa alasiri.

Mokowe utakuta wachukuzi wengi wanaokimbilia mizigo kabla basi halijasimama sawasawa. Ni watu wa kazi, si wezi, lakini chagua mmoja, patana naye bei kabla hajagusa kitu, na mzigo wa mtoto ubebe mwenyewe. Boti ya abiria hadi Lamu ni kama nusu saa. Ukiwa Lamu fanya mambo matatu siku hiyo hiyo. Toa pesa taslimu za kukutosha, maana usitegemee mashine ya benki baada ya hapo. Nunua maji ya kunywa ya siku za mwanzo, kwa sababu visima vingi vya kule vina chumvi, na watu wa Faza na Kizingitini hutegemea sana mvua wanayoikinga kwenye majabia. Kisha nenda gatini mwenyewe umwone nahodha wa boti ya Faza, umuulize ataondoka wakati gani na atapita wapi. Usimtume mtu. Nahodha akishakuona na mtoto mgongoni atakukumbuka.

Boti zenyewe ni za mbao, zenye injini, na katikati yake hujazwa magunia ya unga, makreti ya soda, magodoro, mitungi ya gesi, na watu hukaa pembeni na juu ya mizigo. Omba ukae nyuma, karibu na anayeshika usukani, ambako boti hairuki sana na moshi ukizidi unaweza kugeuza uso. Jaketi la kujiokolea livae tangu mwanzo, hata wengine wakilikalia kama mto. La mtoto hutalipata huko, kwa hiyo tutalinunua hapa Nairobi, na jambo hilo sitaki tulijadili. Chukua pia turubai dogo au leso mbili nzito za kumfunika, kwa kuwa mara mtakapotoka Mkanda na kuingia ghuba ya Manda, matone ya maji huanza kurushwa upande wa upepo. Hapo kushoto kwako utaona winchi ndefu za bandari mpya ya Lamu pale Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kila ninapoiona hujiuliza ni lini meli kubwa namna hizo zitakuwa na maana kwa mjamzito wa Faza anayengoja maji yajae usiku ili apelekwe hospitali ya Lamu.

Baada ya kama saa 2 boti husimama Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, ambako maji ni ya kina wakati wote. Wengi watashuka hapo wakaelekea mji wa Pate au Siyu kwa bodaboda. Wewe usishuke, hata ukishawishiwa, mradi maji bado yapo. Kaa ndani, kwa jumla ni saa 3 au 4 hadi Faza. Lakini boti ikichelewa sana kuondoka Lamu na nahodha akasema Faza maji yameanza kutoka, basi shuka Mtangawanda na umalizie kwa bodaboda, kwa kuwa ufuo wa kule maji yakipwa huacha tope refu, na tope hilo na mtoto mkononi wakati wa magharibi halifai. Hilo nimelifikiria sana, na nimeona ni bora ujue kabla, uweze kuamua mwenyewe bila kubabaika.

Vitabu, jiko na godoro usivibebe. Nitavipeleka kwenye lori la mizigo la Mombasa kati ya wiki hii na ijayo, vitavushwa Mokowe, na binamu yangu aliyeko Lamu atavipakia kwenye jahazi la mizigo la Faza. Vifunge kwa nailoni tabaka mbili, uandike jina lako na la shule kwa wino usiofutika pande zote. Wewe ubaki na sanduku moja, mkoba wa mtoto na hizo karatasi zako.

Nijibu kabla ya Ijumaa hii uniambie kama Alhamisi ya Aprili 24 inakufaa, na uzito wa mtoto ni kilo ngapi ili nimtafutie jaketi la kipimo chake. Nikipata jibu lako nitampigia binamu amwambie nahodha akuwekee nafasi ya nyuma Jumamosi. Msalimie sana Baba mtoto, na umwambie akija Agosti kukutembelea atakuta kusi imekaza, kwa hiyo naye nitamwandikia barua yake.

Wako akupendaye,
Zuhura