Mwanangu, miezi sita sio mwisho wa baba yako

Salma mama, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza yote. Unasema miezi sita ishapita tangu baba yako apate kiharusi kwa hiyo tusijichoshe, wa kurudi angesharudi. Hapana mama. Hayo ya miezi sita hata majirani wananiambia, lakini watafiti washayapima wakaona sivyo.

Kuna utafiti wa Ujerumani ulitoka 2017, walichukua watu zaidi ya 150 waliopoteza maneno kwa kiharusi, wote wameshapita miezi sita, wakafundishwa kuongea wiki tatu, saa 10 au zaidi kila wiki, na wakasogea, wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao hawakusogea. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mazoezi mengi ya mfululizo, sio dakika mbili tatu tukikumbuka.

Mkono nao hivyohivyo. Marekani kuna mtafiti Edward Taub, yeye aliona mgonjwa anazoea kutumia mkono mzima tu mpaka ule mbovu anausahau kabisa, basi ule mzima unavalishwa glavu ili mbovu ufanye kazi utake usitake. Mwaka 2006 yakatoka majibu ya watu 222 waliofanyiwa majaribio, miezi mitatu mpaka tisa baada ya kiharusi. Waliovalishwa walifanya wiki mbili tu na mwaka mzima baadae bado walikuwa wamewazidi wenzao wa matibabu ya kawaida. Ila sio kila mtu anafaa, lazima kifundo cha mkono na vidole viwe vinanyanyuka japo kidogo, ndo maana fisio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimkagua baba yako kwanza.

Sasa hivi tunamvalisha soksi nene mkono wa kushoto, wa kulia anaokota maharage kwenye sinia anatia kikombeni, moja moja, jasho linamtoka. Jana kikombe kikapinduka yote yakamwagika, akasema "astaghfirullah" safi kabisa, yaani neno zima bila kukwama, wakati "maji" bado inamshinda! Nilishtuka nikampigia fisio, akasema ndivyo ilivyo, maneno ya mazoea kama dua na kuhesabu mara nyingi yanabaki hata mengine yakipotea, tuanzie hapohapo. Kwa hiyo asubuhi tunahesabu wote kwa sauti, mpaka mdogo wako anahesabu.

Hela ya ile dawa uliyoona mtandaoni usitume mama, tuma ya nauli ya fisio, hiyo ndo itamsaidia.

Na ukipiga video usiniulize mimi "baba anaendeleaje" na yeye amekaa hapo anakusikia, anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Muulize mwenyewe, swali fupi, halafu nyamaza umsubiri, hata ikichukua muda usimmalizie neno. Akikwama muonyeshe vitu viwili achague. Jumamosi jioni atakuwa ameshapumzika, piga hiyo saa.