Darasa la Jumamosi: saa zimebadilika

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jumapili hii Marekani na Kanada wanarudisha saa nyuma. Darasa letu na wanafunzi wa ukunga wa Mogadishu na Hargeisa, Jumamosi ijayo, kwao linabaki saa 12 jioni. Kwetu: Minneapolis saa 3 asubuhi, Toronto saa 4 asubuhi, London saa 9 alasiri.

Mada ni kuvuja damu baada ya kujifungua. Mara iliyopita binti mmoja alifuatilia kwa simu akiwa amekaa ngazini. Mtandao ulimkatikia mara tatu, na kila akirudi aliandika lile lile: turudie maelezo ya dozi ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo. Ni uniti 10 tu, lakini alitaka kuwa na hakika kabla ya kuingia zamu ya usiku. Sijamsahau.

1. Mchango ni dola 25 kila mtu, mwisho Jumatano usiku. Tunanunua bando za wanafunzi na mifuko ya kupimia damu, maana kukadiria kwa macho hukosewa sana.
2. Madaktari wa Toronto, slaidi zinifikie Alhamisi, kwa Kisomali. Sisi tuliokulia Eastleigh tusiwachanganyie Kiswahili, tafadhali.
3. Wahandisi, rekodini somo kwa faili ndogo inayofunguka kwenye simu yoyote.

Naomba kila mmoja ajibu hapa "nipo" au "sipo" kabla ya kesho usiku. Manesi mlio zamu siku hiyo, semeni mapema tuwatafutie wa kuwashikia nafasi.