Mtoto Keshalala, Ganzi ya Nini Tena?

Mstari unaogombaniwa kuliko yote kwenye bili yetu ya upasuaji wa watoto ni wa ganzi, yaani sindano ya kufisha maumivu sehemu inayopasuliwa. Juzi tena baba mmoja ametuambia tumemtoza mara mbili: nusu kaputi ameshailipia, mtoto keshalala, ganzi ya nini?

Gesi ya nusu kaputi humfanya mtoto asijue anachofanyiwa, lakini mwili wake bado unashtuka. Kisu kikigusa ngozi, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mboni zinatanuka. Akiwa na dawa ya kulegeza misuli, hata kurusha mguu hawezi. Hadi miaka ya 1980 vichanga wengi walipasuliwa hivyo, ikidhaniwa hawasikii maumivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wenzao.

Namba za skrini yeyote anazisoma. Kuzielewa ndiko mnakolipia. Tulikuwa na mtoto ambaye moyo ulianza kukimbia wakati hakuna aliyekuwa anamgusa. Haraka haraka ungesema maumivu, umwongeze dawa. Kumbe nyumbani walimnyima hata maji tangu jana yake jioni, wakiona saa za kufunga tulizowapa hazitoshi! Tukafungua dripu, mapigo yakashuka. Zipo mashine zinazotoa alama ya maumivu, 0 hadi 100, kwa kufuata mapigo, lakini atropini kidogo tu, dawa ya kuharakisha mapigo, inazivuruga. Daktari wa usingizi haondoki kichwani pa mtoto, na hilo hatulipunguzii bei.

Mama mwingine alikataa ganzi ya mgongoni kwa mtoto wa ngiri. Sawa, tukatumia zaidi dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Mtoto alichelewa kuamka, akatapika, ikabidi alazwe. Kitanda cha usiku ule kilizidi bei ya ganzi.

Na kilio cha kuamka? Watoto wadogo wengine huamka wakipiga mateke, hawamtambui hata mama, ingawa hawaumwi. Hupita baada ya muda mfupi. Sisi hutazama uso, miguu, kujinyonganyonga, kilio na kama anabembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2, kabla ya kuongeza dawa.

Ganzi huisha baada ya saa chache, mara nyingi mko nyumbani. Mpeni parasetamo kwa saa tulizoandika, hata kama anacheza. Wanaongoja alie kwanza ndio wanaotupigia simu usiku wa manane.