Kuhusu mshauri wetu wa safari ya Gombe

Habari za jioni wanakikundi. Mmeuliza sana huyu mshauri wa safari yetu ya Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ni nani. Ni mama wa hapa hapa Ujiji, binti wa mfanyakazi wa reli, kakulia kwenye mabehewa ya Tabora–Kigoma. Ndege hapandi mpaka alazimike. Anapenda mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo. Hoteli zenye televisheni kila ukuta humkera (namuunga mkono).

Gombe hakuna barabara, ni boti tu, na yeye huondoka alfajiri kabla ziwa halijachafuka. Kuchelewa hakuvumilii kabisa, msimjaribu! Mwenye mafua abaki nyumbani, maana sokwe huambukizwa maradhi yetu. Nauli mtumieni mweka hazina kabla ya Ijumaa.