Barua ya wazi kwa wanasheria vijana mlioajiriwa serikalini

Wanangu,

Nimekerwa, na sitanyamaza. Juzi nimemsikia mwenzenu, kijana msomi, akijitetea mbele ya wenzake: "Mimi niliandaa rasimu tu. Aliyesaini ni bosi." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Someni habari za Hans Globke wa Ujerumani. Alizaliwa Düsseldorf mwaka 1898, akasomea sheria, na mwaka 1929 akaingia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote la Ujerumani wakati huo. Desemba 1932, kabla Hitler hajashika madaraka, tayari alikuwa ameandaa mwongozo wa kuwabana Wayahudi wasibadili majina yanayowatambulisha. Nani alimshikia bunduki? Utawala ukabadilika, yeye akabaki mezani pake. Mwaka 1936, pamoja na Wilhelm Stuckart, akachapisha ufafanuzi wa Sheria za Nuremberg, zile zilizowanyima Wayahudi haki za uraia na kuwapiga marufuku kuoana na Wajerumani wengine.

Kisha Agosti 1938 ikatoka kanuni ya majina, na mtaalamu wa majina pale wizarani alikuwa huyo huyo Globke. Kuanzia Januari 1939, Myahudi ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya serikali ya majina ya Kiyahudi aliongezewa jingine: mwanamume Israel, mwanamke Sara. Hebu tulieni hapo. Mama aliyeitwa Margarete tangu kuzaliwa anaingia ofisini, anatoka akiwa Margarete Sara kwenye kitambulisho. Hakupigwa kofi wala hakumwagwa damu. Ni wino tu. Lakini orodha za kuwapakia watu kwenye treni za kwenda kwenye makambi ya mauaji ziliandikwa kwa majina hayo hayo. Halafu mniambie rasimu ni karatasi tu!

Na msiniletee hoja kwamba hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, chama cha Hitler. Ni kweli hakuwa. Kalamu yake haikuhitaji kadi. Vita vikaisha, na mwaka 1953 Konrad Adenauer, kansela yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, akamfanya mkuu wa ofisi yake huko Bonn, akakaa hapo miaka kumi. Mwaka 1963 mahakama ya Ujerumani Mashariki ilimhukumu kifungo cha maisha bila yeye kuwepo. Kesi ile ilikuwa na siasa zake, sikatai, lakini kalamu ilikuwa yake. Alifariki mwaka 1973 akiwa mtu huru.

Kulikuwa na njia nyingine. Lothar Kreyssig, hakimu wa Brandenburg, aliona watu wenye ulemavu wa akili aliowasimamia kisheria wakifa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1940 akamwandikia waziri wa sheria, kisha akamshtaki kwa mauaji Philipp Bouhler, kigogo wa Hitler aliyesimamia mpango wa kuwaua watu hao. Alistaafishwa kwa lazima. Hakunyongwa, wanangu. Alirudi shambani kwake.

Mengine kwa ufupi. Someni rasimu hadi kiambatisho cha mwisho. Ulizeni nani ataguswa. Maoni yenu ya kisheria yaingie kwenye faili, yakiwa na tarehe na sahihi. Msikope mpaka mshindwe kuacha kazi.

Nanyi wakubwa wenzangu, kijana akiuliza kifungu kimetoka wapi mnamwita mkorofi, mnamhamishia kituo cha mbali. Kisha mnashangaa kwa nini maofisini hakuna anayeuliza.