Kofia ya pama

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Ambokile ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Huku tu wazima, mtoto ameanza kutambaa na hakamatiki. Mengine tutaongea kwa simu. Nimeshika kalamu kwa sababu tangu jana usiku nina picha moja ya sinema kichwani, na kila nikiikumbuka namwona babu yako, Mungu amlaze mahali pema, amekaa barazani kule Tukuyu na kofia yake ya pama.

Inaitwa Umbango. Ni ya Afrika Kusini, ya mwaka 1986, Kizulu mwanzo hadi mwisho, na ni picha ya kauboi. Kauboi kamili: farasi, bastola, mapama, na waliovaa ni Waafrika wenzetu. Tajiri mmoja katili amefiwa na ndugu yake, anakuja kulipa kisasi, na marafiki wawili hawana budi kusimama wamkabili. Hadithi ndiyo hiyo. Sisi tuliokulia banda umiza tunaijua kabla haijaanza, na tunajua stelingi hafi. Fedha zilizotumika zilikuwa kidogo na zinaonekana kuwa kidogo. Lakini nakuambia kweli, sikunyanyuka kitini.

Kwanza ni lugha. Umbango ni uhasama, ugomvi wa kugombania kitu. Nilianza kwa kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, baadaye nikatega sikio tu. Kwa Kizulu mtu ni umuntu, kufa ni ukufa, kuona ni ukubona. Umekaa sebuleni Dar, unamsikia mtu wa mbali kabisa anatishia kuua, na moyo unaelewa kabla ya macho kusoma. Utotoni kauboi wetu walisema Kiingereza au Kitaliano, na bila mtu wa kututafsiria kama Lufufu tungeambulia milio ya risasi.

Sasa upande unaouma. Serikali ya makaburu ilianzisha ruzuku miaka ya 1970 kwa ajili ya filamu za lugha za Kiafrika, za kuonyeshwa Waafrika peke yao. Mtayarishaji alilipwa kwa hesabu ya tiketi. Basi zikafyatuliwa mamia, upesi na kwa bei ya chini, zikazungushwa kwenye kumbi za shule, makanisani na migodini. Wengi waliozitengeneza walikuwa Wazungu, na wapo walioongoza picha kwa lugha wasiyoijua, mwigizaji ndiye akabeba maneno. Aliyeongoza Umbango, Tonie van der Merwe, alitokea kwenye biashara ya ujenzi. Siasa haikuruhusiwa kugusa picha hizo. Na humo ndani kweli huoni Mzungu, huoni polisi wa kaburu, hakuna anayedaiwa pasi ya kumruhusu kutembea. Mwafrika ni tajiri, Mwafrika ni jambazi, Mwafrika ndiye shujaa. Fikiria ni 1986, mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa nchi nzima mwezi Juni. Nje ya ukumbi kuna magari ya deraya, ndani kuna mji ambao haukuwahi kuwepo.

Miaka kumi na mitatu nyuma, van der Merwe huyohuyo alitayarisha Joe Bullet, na Ken Gampu ndiye stelingi. Anapiga karate, anaendesha gari la maana, ana bastola mkononi, anaiokoa timu ya mpira kabla ya fainali. Ilionyeshwa mara mbili tu katika sinema ya Eyethu, Soweto, ikapigwa marufuku. Eyethu, Ambokile! Maana yake ni yetu. Walioiona siku hizo mbili wakabaki nayo kichwani, wengine wote wakangoja hadi 2014, baada ya kampuni ya Gravel Road ya Cape Town kuanza kuziokoa picha hizi na kuzisafisha. Ndiyo iliyotufikishia na Umbango. Mimi huwaza watu wa maonyesho yale mawili, wanatoka nje usiku ule wakimwiga Ken Gampu njiani, kesho yake wanaambiwa haipo tena.

Najua utaniuliza, kama nilivyojiuliza mwenyewe: tupende kitu kilicholipiwa ili watu wetu wapumbae? Jibu langu ni waigizaji. Kisasi chote cha Umbango ni cha mweusi kwa mweusi, na aliyewapora wote hatajwi hata mara moja. Hilo silitetei. Lakini mtazame mtu anavyosimama akiwa na bunduki mkononi, katika nchi ambayo asubuhi ile angeitwa boi. Hasimami kama mtu anayeigiza kwa ujira mdogo. Nilirudisha nyuma mara tatu nitazame mabega tu.

Na hapo ndipo babu alipoingia. Unakumbuka ile likizo, mvua haikati, sisi tunakula ndizi za kuchoma jikoni, akatusimulia habari za Wenela, wale walioandikisha watu kwenda migodi ya Afrika Kusini? Walivyopimwa vifua, treni, shimo lenye joto, kisha Jumamosi jioni bioskopu kambini. Tulidhani anatutania aliposema kauboi aliwaona kwenye shuka jeupe huko Johannesburg, kabla baba zetu hawajazaliwa. Hakututania. Tangu miaka ya 1920 mmisionari wa Kimarekani, Ray Phillips, alikuwa akipeleka sinema kwenye kambi za wachimbaji ili jioni zao zipite kwa utulivu, na kauboi walipendwa sana. Kwa hiyo kauboi wa Kizulu hakuota 1986. Babu yako na wenzake walikuwa wameketi pale miaka mingi, wakimtazama Mzungu juu ya farasi, na kofia wakazinunua wakarudi nazo nyumbani.

Alikuwa anaigusa ukingo kwa vidole viwili kabla ya kukuitikia shikamoo. Jana kuna mtu kwenye picha aligusa yake vilevile, nikaona mwili unanisisimka.

Nitakuletea nakala Desemba tukikutana. Tuitazame Tukuyu, kwa mama, siyo kwenye simu. Na kabla hujanijibu, mpigie mama umuulize: ile pama bado imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango?

Wako daima,
Idi