Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa waamuzi wa basketi, Lubumbashi

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Viwanja mnavijua: saruji imepasuka, na mvua ikishaanza Novemba tunaahirisha tu. Leo nataka kusema juu ya vijana wetu wa filimbi.

Bismack Biyombo, aliyefika ligi ya NBA ya Marekani, alizaliwa mjini humu, basi kila mtoto wa mtaa wa Katuba anataka kuruka kama yeye. Wanaotaka kuchezesha ni wa kutafuta kwa taa. Hawa tuliowapata tuwalee kama yai.

Kanuni wanazo. Waulize sekunde 8 za kuvuka katikati, 24 za kurusha, 14 mpira ukigonga ringi na kurudi kwa timu ileile. Watajibu hujamaliza swali. Shida ni macho, yanafuata mpira tu. Mkiwa wawili, mpira ukiwa upande wa mwenzako, kazi yako ni viwiko na viuno vinavyosukumana chini ya kikapu. Kule Kamalondo mchezaji alivutwa jezi hadi akaanguka, na waamuzi wote wawili walikuwa wanatazama juu.

Halafu mikono. Ngumi juu ni faulo. Kiganja wazi ni kusimamisha saa kwa kosa jingine. Ukiionyesha meza ya waandishi namba ya mchezaji aliyekosa, 23 huanza na mgongo wa mkono, vidole viwili, kisha kiganja, vidole vitatu. Kijana wetu mmoja alianza na vitatu, faulo ikamwangukia namba 32 aliyekaa benchi anakunywa maji. Meza ilicheka. Kocha hakucheka.

Hata mimi nimeumbuka. Mchezaji alidaka mpira akikimbia, mguu chini, kisha hatua mbili, nami nikapuliza. Zamani zetu lilikuwa kosa la kutembea na mpira, ila tangu 2017 FIBA, shirikisho la basketi la dunia, haiuhesabu mguu ule wa kwanza. Wakati wa mapumziko msichana mmoja katika hao wapya akaninong'oneza: "Mzee, ile ilikuwa sawa." Kweli ilikuwa sawa.

Angalieni alivyonong'ona. Sisi wakubwa tunawafokea mbele ya watu, na walioondoka mwaka huu walikimbia matusi, mengine yetu wenyewe. Naomba mkutano ukubali kila mkongwe achezeshe na mpya mmoja msimu mzima, na masahihisho yafanywe baada ya mechi, pembeni.

Mafunzo yanarudi Jumamosi baada ya Pasaka. Kila mtu aje na filimbi yake. Kuazimana filimbi yenye mate ya mwenzako kumekwisha.

Mwenyekiti